Sikudhani Aliposema Washa

Mie ni fundi wa magodoro. Nimeshona magodoro ya maharusi, ya wagonjwa, ya makarani wa serikali na ya mashekhe, na mtu wa Temeke wa miaka ile aliyesema kalala vizuri, mara nyingi kalala juu ya kazi ya mkono wangu. Lakini mwanangu mwenyewe alikuwa halali. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu najua yuko mzazi atakayesoma haya, au atakayesomewa, na macho yamemwiva kwa kukesha, na jirani kashamwambia mtoto wake ana shetani, au kadekezwa, au mama mtu alikula kitu akiwa mjamzito. Awaache kwanza. Anisikilize mie, kisha akipenda awarudie.

Shule nilikaa mwaka mmoja, na nusu yake nilikuwa nachota maji ya mwalimu. Herufi nimejifunza kwenye maandishi ya magunia. Nilitoka Rufiji kwa miguu na shuka moja la marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, begani, nalifunga mchana, najifunika usiku. Nikafundishwa kushindilia sufi na Mhindi mmoja mjini, nikaondoka kwake nikiwa na sindano moja ya shazia, ile ndefu ya kushonea magodoro, na akili yangu. Vita kuu ya pili ilipokwisha nilikuwa tayari na banda langu Temeke, karibu na njia ya kwenda Mtoni, na nyumba ya vyumba vitatu nyuma yake. Sikupewa na mtu. Lile shuka nililikunja nikalitia chini kabisa ya sanduku, maana sikutaka mtu alione.

Mke wangu Mwajuma alikaa miaka mingi bila kushika mimba. Tulipokwisha kata tamaa akazaliwa binti, tukamwita Sikudhani, kwa kuwa kweli hatukudhani.

Tangu mchanga alikuwa na namna yake. Ukimfunga mgongoni kwa kanga mpya anajikunja kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Mwajuma akikuna nazi, mtoto anaziba masikio analia. Akitembea mchangani anakwenda kwa ncha za vidole. Kuchana nywele ilikuwa vita, na mtaa mzima ulijua leo Sikudhani anachanwa. Ukimpapasa polepole, vile tunavyowabembeleza watoto, anakurusha mkono. Hilo liliniuma kuliko yote. Nilikuwa na mtoto mmoja duniani, na alikuwa hataki nimguse.

Kusema alichelewa. Alipotimiza miaka minne maneno yake ulikuwa unaweza kuyahesabu: maji, baba, tena, sitaki, na washa.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Mtoto halali, mie fundi nifanye nini? Nikamshonea godoro. Maradufu mapya ya mistari, kile kitambaa kizito cha magodoro, yana wanga bado, yanalia ukiyakunja. Sufi mpya. Nikampa na mto, na shuka jipya kutoka dukani, na gauni la kulalia lenye lasi shingoni. Mwajuma akaniambia, "Baba Sikudhani, mtoto huyu alitulia kidogo kule kwenye mkeka wangu mkuukuu."

Nikamjibu, "Mtoto wa fundi wa magodoro alale mkekani? Watu waniseme?"

"Watu hawalali humu ndani."

"Wanapita dirishani."

Basi tukawa tunamlaza kwenye godoro. Jua likizama tu, shughuli inaanza. Tunamvika, tunamlaza, tunamfunika, anakaa kitako. Anashika shingo. Anasema, "Washa." Nami nawasha kandili. Analia zaidi: "Washa! Washa!" Napandisha utambi. Anapiga miguu, anajikwaruza, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Nikasema kandili ni dogo, mtoto anaogopa giza. Nikaenda nikanunua karabai.

Karabai wakati ule mtaani kwetu alikuwa nayo shekhe wa msikiti na mwenye duka. Mie nikawa wa tatu. Naisukuma pampu pale barazani watu wanione, inaanza kunguruma, chumba chote kinakuwa cheupe kama saa sita mchana, harufu ya mafuta ya taa imejaa. Namwekea mtoto karibu na kitanda. Naye anajifunika uso kwa mikono yote miwili, anatetemeka, anasema, "Washa, baba. Washa."

"Nimewasha, mama! Niwashe nini tena? Niwashe nyumba?"

Jirani yetu mmoja alipiga kelele kutoka kwake, "Fundi, mwashie na banda lako la sufi, tuone wote!" Mtaa ukacheka. Mie sikucheka.

Tukaanza dawa. Mwaka ule nauhesabu kwa dawa, sio kwa miezi. Masika ilikuwa ya kombe: mwalimu anaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, tunazifuta kwa maji, mtoto anakunywa. Kunywa alikunywa, akataka tena, ila usingizi hakuna. Kipupwe ilikuwa ya dispensari. Unakwenda alfajiri, unakaa kwenye benchi, unasogea upana wa paja moja, unasogea tena, saa tano unamfikia mganga msaidizi, anakutazama usoni, anakupa chupa ya maji mekundu. Sikudhani alikuwa hawezi lile benchi. Watu wanakohoa, watoto wanalia, harufu ya dawa. Mara mbili nilitoka naye kabla ya zamu yetu, nimembeba ubavuni anapiga mateke, na akina mama wananitazama kana kwamba nimemwiba.

Mwajuma akakonda. Mifupa ya mabega ikatokeza. Alikuwa mwanamke wa kucheka, akawa akisikia adhana ya magharibi anajifunga kanga kiunoni, maana anajua kinachofuata. Siku moja alinimwagia uji mapajani, bahati mbaya, nikamkaripia. Akakaa chini pale pale sakafuni akaniambia, "Mie nimechoka, baba Sikudhani. Sijachoka na mtoto. Nimechoka kutokumjua anataka nini." Nilikwenda bandani nikashindilia sufi mpaka ngumi zikachubuka.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Mbagala. Bi Mwanahawa, mama yake Mwajuma, mwanamke mrefu, anatembea na bakora ingawa hachechemei. Mbagala wakati ule ilikuwa mikorosho na minazi, nyumba moja hapa, nyingine kule. Alikaa siku tatu, akaona, akatoa hukumu.

"Mkwe, mtoto huyu ana pepo. Na pepo mwenyewe anataka mwanga, husikii? Kila siku washa, washa. Apigiwe ngoma."

Tukampigia. Alasiri, uani kwangu, ngoma tatu na upatu. Mtoto asiyeweza kusikia nazi inakunwa, sie tukampigia upatu sikioni! Alilia mpaka akatapika, kisha akanyamaza ghafla, macho yametoka, hajui yuko wapi. Wakasema, "Ametulia." Hakutulia. Alikuwa ameondoka akakiacha kiwiliwili pale. Nimeona watu wakifa, na sikuwahi kuogopa kama alasiri ile.

Kesho yake Bi Mwanahawa akasema atamchukua Mbagala. Kuna mganga huko. Mtoto akae miezi mitatu, asione uso wa baba wala wa mama, maana pepo hung'ang'ania wazazi. "Na asipopona," akasema, "atabaki kwangu moja kwa moja. Binti yangu simuachi afe kwa kukesha. Mtoto nitamlea mie." Nikamtazama Mwajuma nikidhani atakataa. Akatazama chini. Mgongo wake ulikuwa kama wa ajuza. Nikasema, "Haya, mama."

Neno hilo najuta mpaka leo.

Nyumba ikawa kimya. Tulikuwa tumeomba usingizi kwa mwaka mzima, na sasa usingizi ukaja mlangoni, hatukuuona. Tunalala tumetazamana. Magharibi ikifika Mwajuma anainuka kutandika kitanda cha mtoto, kisha anakumbuka, anakaa. Nilikuwa naingia chumbani mle nanusa mto. Ulikuwa unanukia sufi tu. Hakuwahi kuulalia vya kutosha ukashika harufu yake.

Kutoka Temeke hadi Mbagala kwa miguu ni mwendo wa asubuhi moja. Nilikwenda mara mbili. Nafika kwenye mikorosho, naliona paa la Bi Mwanahawa, nasimama. Sharti ni sharti. Mara ya pili nilimwona. Alikuwa uani, kakaa peke yake, amevishwa hirizi ya ngozi shingoni kwa uzi wa katani, anauvuta ule uzi. Anauvuta, anaacha, anauvuta. Nilisimama pale mpaka kivuli changu kikahama. Kisha nikarudi nikamwambia Mwajuma nilikwenda kutafuta sufi.

"Umeipata?" akaniuliza.

"Nimeiona tu."

Akajua. Akaenda jikoni akalia huko.

Wakati wa vuli kifua kikanibana. Vumbi la sufi hukaa mapafuni, mafundi wote tunalijua. Nikaenda dispensari, lile lile benchi. Safari hii peke yangu, mikono mitupu, na mikono mitupu kumbe ni mizito. Jua lilikuwa kali, limetupiga usoni, tumekaa nje ukutani. Pembeni yangu bibi mmoja ana upele mikononi, na mjukuu wake wa miaka miwili hivi, naye ana upele. Yule bibi anajikuna, anasonya.

"Bibi unaumwa nini?" namuuliza, mradi mazungumzo.

"Huoni? Nawashwa! Unawasha huu, mwanangu, unawasha kama upupu."

Mara yule mtoto akamvuta kanga, akasema, "Bibi, washa."

Na bibi, wala hakumtazama, akapeleka mkono mgongoni mwa mtoto akamkuna. Mtoto akanyamaza.

Jamani. Jua la saa nne. Hapakuwa na taa pale, hapakuwa na giza. Mtoto kasema washa, na bibi yake kamkuna.

Nikamuuliza, "Amesema nini huyo?"

"Amesema inamuwasha. Kwani wewe baba huna watoto?"

Nikainuka. Mtu akaniambia, "Mzee, zamu yako imekaribia." Nikamwambia aichukue. Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Mwajuma alikuwa anapepeta mchele. Nikamwambia, "Mwanao hakuwa anataka taa."

"Nini?"

"Washa. Alikuwa anasema inawasha. Godoro linawasha. Shuka linawasha. Lasi inawasha. Alikuwa anatuambia, Mwajuma! Mwaka mzima anatuambia kwa Kiswahili safi, na mie namsukumia karabai!"

Ungo ukamtoka mkononi. Mchele ukamwagika wote. Alikwenda chumbani, akateremsha kanga begani, akalalia lile godoro nililojivunia, ngozi kwa kitambaa. Akakaa kidogo. "Linachoma," akasema. "Na hapa kuna kokwa ya sufi. Na hapa." Nami nikajilaza. Mikono ya fundi ni sugu, hainiambii kitu. Nikaweka shavu. Wallahi lilikuwa kama kulalia ufagio.

Nikalifungua sanduku. Chini kabisa, lile shuka langu la Rufiji. Lilikuwa limefuliwa mtoni, limefuliwa kisimani, limekaukia jua la miaka kumi, laini kama sikio la mtoto, halina pindo hata moja lililobaki. Mwajuma akalipitisha shavuni, akanitazama. "Hili umelificha miaka yote?"

"Nililionea haya."

Hakunisimanga, ingawa alikuwa na haki. Alinifungia mkate wa kumimina, akaniambia, "Nenda sasa hivi. Usilale njiani."

Nilifika Mbagala jua linaelekea kushuka. Bi Mwanahawa alikuwa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe, umekuja kabla ya siku. Bado mwezi na zaidi."

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Anayelala ndiye anayechukuliwa. Huyu halali. Tumemwashia kibatari mpaka mafuta ya taa yamekwisha Mbagala nzima."

"Msimwashie tena, mama. Hataki taa." Nikamweleza. Alinisikiliza kakunja uso, bakora mapajani.

"Pepo anakudanganya, mkwe. Unataka kuniambia mie, niliyezaa saba, sijui neno washa?"

"Na mie fundi wa magodoro sikujua godoro linavyowasha. Tumekosa sote."

Akafikiri. Kisha akasema, "Akilala leo mikononi mwako bila taa, mchukue. Asipolala, usije tena hapa kunisumbua, na mtoto ni wangu." Akaongeza, "Na hirizi haikatwi."

Sikudhani akatoka ndani. Alikonda. Alinitazama, hakunikimbilia, hakuwa mtoto wa kukimbilia watu. Alisimama kwa ncha za vidole. Shingo yake ilikuwa na mstari mwekundu pale uzi ulipopita. Akaushika, akaniambia, kama vile tuliachana jana, "Baba. Washa."

Nikamwambia, "Inakuwasha, mama. Najua. Baba alikuwa hajui."

Hirizi sikuikata. Niliivua kwa kuipitisha kichwani, nikamkabidhi Bi Mwanahawa mkononi kwa heshima zote, nikamwambia aitunge kwa kitambaa laini, au aitundike ukutani. Akaipokea. Nikamvua mtoto gauni. Nikamzungushia lile shuka kuukuu, nikaketi naye chini kwenye mkeka, nyuma ya nyumba ambako hapakuwa na watu. Nikaanza kumpapasa polepole. Akanirusha mkono.

Hapo akili ikanijia ya kazi. Sufi huibembelezi. Ukiipapasa inaruka, inakuingia puani. Ukitaka itulie, unaiwekea kiganja kizima, unaishindilia taratibu, unangoja mpaka ilale, ndipo unainua mkono. Nikamwekea kiganja changu mgongoni, chote, kwa uzito, nikakandamiza. Hakunirusha. Nikahamia bega. Nikakandamiza, nikangoja. Mguu. Nikangoja. Nikainua mkono kidogo, akaushika akaurudisha.

"Tena," akasema.

Miaka minne nilikuwa nangoja mtoto wangu aniambie nimguse tena.

Giza likaingia. Bi Mwanahawa alikuja na kibatari, akakiziba kwa mkono, akatutazama. Pumzi ya mtoto ilikuwa imeshuka chini, kinywa wazi, mate yananidondokea kwenye kanzu. Bi Mwanahawa, mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akiinama, aliinama akakipuliza kibatari chake kikazima. Akaniambia gizani, "Niliyezaa saba." Asubuhi alitusindikiza mpaka kwenye mikorosho, na bakora aliiacha nyumbani.

Nisiwadanganye kuwa yalikwisha siku ile. Siku mbaya zilikuwepo, hasa Sikukuu, watu wakija na nguo mpya na mabaruti. Lakini tulikuwa tumeshajua njia. Nguo yake mpya Mwajuma aliifua mara kumi kabla hajamvika, akamvalisha mshono nje, na waliocheka wakacheka. Nazi ikakunwa asubuhi, sio magharibi. Taa ilizimwa mapema. Godoro nililifumua, nikachambua sufi kokwa moja moja, nikalishonea ganda la marekani makuukuu, na mtu akipita dirishani akaona viraka, aliona. Karabai nikaipeleka msikitini. Na kila magharibi nilikwenda kumshindilia: mgongo, bega, mguu, ngoja. Wengine wakaniambia hiyo ni kazi ya wanawake. Niliwaambia ni kazi ya fundi.

Mzazi mwenzangu, mtoto wako huenda asikubali ninayoyasema, kila mmoja ana kwake. Lakini akikwambia neno, usikimbilie kulijua. Tazama mkono wake umeshika wapi.

Sikudhani alikua. Aliolewa Lindi na mwalimu mpole asiyependa kelele, na lile shuka alikwenda nalo, limebaki kipande cha kutosha kufunika uso. Ana watoto. Huandika barua, nami nazisoma mwenyewe. Mwajuma alitangulia mbele ya haki masika mbili zilizopita. Nyumba imeingizwa umeme siku hizi, unabonyeza tu ukutani.

Ngozi ya uzee ni kavu. Inaniwasha mgongoni, pale kati ambapo mkono haufiki. Sikudhani alipokuja mara ya mwisho nilikuwa nimejilaza alasiri, nikajisemea tu, "Inawasha." Yeye alikuwa mlangoni. Akanyoosha mkono ukutani akawasha taa, mchana kweupe, akasimama ananitazama kwa uso mkavu.

"Nimekuwashia, baba. Nikuwashie na nyumba?"

Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Kisha akaizima, akaja akaniwekea kiganja mgongoni, chote, kwa uzito.

Karudi Lindi. Magharibi ikifika nalala upande wangu, nimeuelekea ukuta, najisemea taratibu, "Washa." Nangoja. Natamani aje mtu, hata akikosea akawasha taa.